Kimeta cha bahasha na kimeta cha mzoga

Kila baada ya muda inaingia ile meseji kwenye grupu la familia. Imeforwadiwa mpaka imechakaa, herufi kubwa tupu, eti kuna silaha ya kibaiolojia imeachiwa nchi fulani na inakuja huku, msipokee vifurushi msivyovijua, msishike noti mpya, fungeni madirisha usiku kuna ndege itapita inamwaga dawa. Na kwa kuwa kwenye ukoo wetu mi ndo naitwa daktari (ni bwana mifugo, natibu ng'ombe na mbuzi, ila hiyo tofauti hakuna anayeijali) basi simu zinaanza. Shangazi anauliza achemshe maji au asichemshe, binamu yangu aliyeko Dar anataka kujua kama kuna vidonge vya kumeza mapema kabla havijaisha madukani. Na mara nyingi simu hizo zinanikuta niko bomani kwa watu nabishana na wazee wenye heshima zao, wanataka kugawana nyama ya ng'ombe aliyekutwa kafa alfajiri, tumbo limejaa, damu inamtoka puani na haigandi.

Hizo ni dalili za kimeta, anthrax kwa Kiingereza, na mi naogopa yule ng'ombe kuliko ile ndege, na leo nataka niseme kwa nini, halafu nikipigiwa tena nawatumia link tu.

Kimeta kinaletwa na bakteria wa ardhini. Akikosa mwili wa kukaa anajifungia kwenye ganda gumu na ndani ya hilo ganda anaweza kungoja miaka na miaka, jua lipige mvua inyeshe yeye yupo tu. Kiangazi kikikaza, ng'ombe wanakula nyasi fupi mpaka wanalamba udongo, au mvua ikija kwa nguvu ikafukua ardhi, hapo ndo anapata njia ya kuingia. Mnyama aliyekuwa anacheua vizuri jana leo unamkuta chini. Waingereza walikijaribu kama bomu mwaka 1942 kwenye kakisiwa kao kanaitwa Gruinard huko Scotland, wakafunga kondoo pale, wakalipua, kondoo wakafa, na kisiwa kikafungwa mpaka mwaka 1990, tena baada ya kumwagia udongo wake tani 280 za formalini (dawa kali ya kuua vijidudu) iliyochanganywa na maji ya bahari. Kwa hiyo anayesema kimeta ni silaha hakosei, majeshi makubwa yamekifanyia kazi kweli, na mi sisemi ni mchezo.

Ila kuna swali moja hizi meseji haziulizi kamwe. Zinataja jina la ugonjwa, zinataja idadi ya watakaokufa, zinataja nani yuko nyuma ya njama. Hazisemi huo ugonjwa unamfikiaje mtu. Na kwenye kazi yangu hilo ndo la kwanza kabisa, jina linakuja baadaye.

Chukua zile barua za Marekani za 2001. Mashambulizi ya Septemba 11 hayana hata mwezi, watu wamevurugwa, mara mhariri wa picha wa gazeti moja Florida anaitwa Robert Stevens akafa tarehe 5 Oktoba, wakapima wakakuta kimeta cha mapafu. Baadaye ikajulikana kuna bahasha zimetumwa kwenye vyombo vya habari, na nyingine kwa maseneta wawili, Tom Daschle na Patrick Leahy, zimewekwa posta New Jersey, ndani unga. Nchi nzima ikashika kichwa. Vinyago vya gesi vikaisha madukani, ambavyo labda ulale navyo na ule navyo ndo vingekusaidia, maana huo unga haupigi hodi. Maafisa wakaitwa maelfu ya mara kwenda kuangalia poda ya mtoto, chaki, krima ya kahawa iliyomwagika mezani.

Na sisi huku hatukuachwa. Oktoba hiyohiyo Waziri wa Afya wa Kenya wakati ule, Profesa Sam Ongeri, akatangaza kuna barua imefika Nairobi kutoka Atlanta na imepimwa ina kimeta. Taarifa ikazunguka dunia nzima siku hiyo, kimeta kimeshafika Afrika kwa posta! Wiki chache baadaye vipimo vya uhakika vikatoka, hakuna kitu. Hiyo ya pili nani anaikumbuka? Na mi hiyo kauli ya kimeta kufika Afrika bado inanichekesha, ungemuuliza mfugaji yeyote wa Ngorongoro angekwambia kimeta kipo tangu babu wa babu yake.

Sa tuje kwenye hesabu yenyewe. Waliougua Marekani kwa zile barua ni watu 22. Kati yao 11 walivuta hewani, kikakaa mapafuni, na hapo wakafa 5. Wengine 11 kiliwapata kwenye ngozi, kile kidonda cheusi katikati ambacho wala hakiumi sana, na hakuna hata mmoja aliyekufa. Ugonjwa ni uleule, unga uleule, ukiingia kwa mlango huu karibu nusu wanazikwa, ukiingia kwa mlango ule wote wanapona. Halafu hakuna hata mmoja aliyemwambukiza mkewe au mtoto wake, kwa sababu kimeta cha mapafu hakipiti kwa mtu kwenda kwa mtu kama mafua.

Linganisha na Zambia 2023. Kule kimeta kilianzia Mkoa wa Kusini, watu walikuta nyati wamekufa wakachuna wakala, kikasambaa mikoa mingi, na mpaka mwezi Novemba walioshukiwa kuugua walikuwa zaidi ya 600, waliokufa 4. Ukiweka hizo namba mezani bila kuuliza njia utachanganyikiwa. Zambia wagonjwa wengi kupita Marekani mara nyingi sana na vifo pungufu, na siyo kwamba hospitali zao ni bora, ni kwamba wengi waliipata kwa kushika nyama, kwenye ngozi, na dawa za kawaida zinaitibu ukiwahi. Ila ukiangalia ipi iliandikwa sana magazetini basi unacheka tu, maana hata jirani zetu wa Zambia wengine hawajui kama ilitokea.

Na msidhani ni watu wa wasap peke yao wanaosahau kuuliza njia. Barua ya Daschle ilifunguliwa tarehe 15 Oktoba. Wafanyakazi wa ofisi yake wakapimwa na kupewa dawa harakaharaka, vizuri kabisa. Ile barua ilikuwa imepita kituo cha posta cha Brentwood pale Washington, na wale wapangaji barua wakaambiwa nyie hakuna shida, bahasha ilikuwa imegundishwa, endeleeni na kazi. Wataalamu waliamini unga hauwezi kutoka kwenye bahasha iliyofungwa. Hawakufikiria kwamba mashine ya kupanga barua inaibana bahasha kwa kasi na unga laini unapenya kwenye karatasi unatokeza hewani, na mashine zenyewe wakati ule zilikuwa zinasafishwa kwa kupulizwa upepo. Brentwood kikafungwa tarehe 21, na ndani ya siku hiyo na iliyofuata wafanyakazi wawili wakafa, Thomas Morris na Joseph Curseen. Hii ndo sehemu inaniumiza kwenye stori nzima. Nchi nzima inaogopa, wanaogopa mpaka sukari mezani, na wale waliokuwa na sababu ya kuogopa kweli ndo wakaambiwa wasiogope.

Baadaye FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walisema aliyetuma alikuwa mtafiti wa maabara ya jeshi lao hukohuko, Fort Detrick, Bruce Ivins, aliyejiua mwaka 2008 kabla hajafikishwa mahakamani, kwa hiyo kesi haikusikilizwa na wapo wanaobisha mpaka leo. Kabla yake walimwandama mwanasayansi mwingine miaka kadhaa, Steven Hatfill, jina likaharibiwa kwenye TV, mwisho serikali ikamlipa mamilioni ya dola kwa kumsingizia. Hofu nayo inaokota watu njiani.

Kuna upande wa pili ambao nikiwasimulia wenzangu wa mifugo wanakufa kwa kicheko. Wale jamaa wa dhehebu la Aum Shinrikyo Japani, ambao mwaka 1995 walikuja kuua watu kwenye treni za chini ya ardhi Tokyo kwa gesi ya sarini, miaka miwili kabla yake walijaribu kimeta. Walikuwa na pesa, walikuwa na wasomi wa vyuo, walikuwa na jengo lao mtaa wa Kameido, wakawa wanapuliza ukungu kutoka juu ya paa. Majirani wakalalamika harufu mbaya. Hakuna aliyeugua kimeta. Miaka baadaye sampuli iliyohifadhiwa ikapimwa ikaonekana aina ya kimeta waliyotumia ni ile inayotumika kutengenezea chanjo ya mifugo! Yaani matajiri wenye maabara walipanda juu ya ghorofa wakaipulizia Tokyo chanjo ya ng'ombe.

Sijasema hivyo kuonyesha hakuna hatari. Nasema kutoka kuwa na kijidudu kwenye chupa mpaka kuua mji ni safari ndefu, na wengi walioitaka wamekwama njiani. Aliyefanikiwa kupeleka kimeta hewani na kuua wengi ni serikali, tena kwa bahati mbaya. Aprili 1979 huko Sverdlovsk, Muungano wa Kisovieti, kwenye kiwanda cha jeshi kichujio cha hewa hakikuwepo mahali pake, vumbi la kimeta likatoka na upepo, wakafa watu wasiopungua 66, wengi wao walikuwa kwenye mstari mwembamba ule upepo ulikoelekea, na kondoo na ng'ombe wa vijiji vya mbele kwenye mstari huohuo nao wakafa. Mnajua serikali ilisema nini? Ilisema watu wamekula nyama mbovu. Miaka 13 wakaishikilia hiyo hadithi ya nyama mpaka Boris Yeltsin alipokubali mwaka 1992. Kwa hiyo ukiniuliza serikali inaweza kudanganya kuhusu haya mambo nitakwambia ndiyo, imeshafanya. Ila hata hapo kilichowaumbua ni njia, watafiti walipochora ramani ya wapi kila marehemu alikuwa siku ile na upepo ulivuma wapi, habari ya nyama ikafa yenyewe. Nyama haifuati upepo.

Turudi kwenye vidonge vya binamu yangu. 2001 dawa iliyosakwa Marekani ilikuwa Cipro, hiyohiyo siprofloksasini mnayouziwa duka la dawa ukisema tu unaumwa tumbo. Watu wakajinunulia wakarundika, na doksisaiklini ya bei rahisi ambayo inafanya kazi vilevile ikawa haina mpenzi. Serikali ya Marekani ikamwambia mwenye Cipro, kampuni ya Bayer, shusha bei la sivyo tunapita pembeni ya hakimiliki yako, na bei waliyouziwa ikashuka kutoka dola 1.77 mpaka senti 95 kidonge kimoja. Wamekufa watu 5 jamani! Mwaka huohuo, Aprili tu, makampuni 39 ya dawa yalikuwa ndo kwanza yanaachia kesi waliyoifungulia Afrika Kusini kwa sababu inataka dawa za bei nafuu, wakati ukimwi unaua Afrika zaidi ya watu milioni moja kwa mwaka, na sisi tulikuwa tunaambiwa hakimiliki ni hakimiliki. Novemba mkutano wa biashara Doha ukakubali kwamba nchi zinaweza kutanguliza afya ya umma, na mi naamini kabisa ile hofu ya bahasha ilisaidia kulainisha shingo za wakubwa. Hofu ya mwenye nguvu inashusha bei ndani ya wiki. Misiba ya wengine inasubiri.

Na mdogo wangu, hicho kidonge ukikimeza leo bila ugonjwa hakikukingi na meseji ya wasap. Na virusi hakiviui, kinaua bakteria tu. Unachofanya ni kufundisha bakteria walioko tumboni mwako jinsi ya kukishinda, halafu siku una homa ya matumbo kweli unakuja kuniuliza mbona dawa haishiki.

Ebola ya 2014 mpaka 2016 ilikuwa mbaya, hilo halina mjadala, Guinea, Liberia na Sierra Leone waliugua zaidi ya watu 28,000 na wakafa zaidi ya 11,000. Lakini angalia hofu ilikwenda wapi. New Jersey watoto wawili waliotoka Rwanda walibakishwa nyumbani wiki tatu kwa sababu wazazi wa wanafunzi wengine walikuja juu. Kentucky mwalimu aliyetembelea Kenya akatakiwa akae nyumbani siku 21, akaona isiwe tabu akaacha kazi. Kenya na Rwanda hazikuwa na mgonjwa hata mmoja. Kutoka Monrovia mpaka Nairobi ni zaidi ya kilomita 5,000, kutoka Monrovia mpaka London pia ni zaidi ya 5,000, hakuna aliyemfungia ndani mwalimu aliyetoka kutembea London. Watalii wakaghairi Serengeti, madereva na wapishi wa kambi wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Na mgonjwa aliyefia Dallas, Marekani, mwaka 2014, Thomas Eric Duncan, watu aliolala nao nyumba moja siku zile anaanza kuumwa hawakuugua. Waliougua ni wauguzi wawili waliomhudumia hospitali alipokuwa mahututi, na wote wawili wakapona. Kwa sababu ebola inapita kwenye majimaji ya mgonjwa aliyezidiwa na kwenye maiti, siyo kwa kupishana kwenye korido. Marburg, ugonjwa ndugu wa ebola, ni vilevile, tuliiona Kagera Machi 2023, wagonjwa 9 vifo 6, na Rwanda 2024 wagonjwa 66 vifo 15, wengi wao wahudumu wa afya. Wakati wa Marburg ya Bukoba nilikuwa napata simu za watu wa Mbeya wanaogopa kula ndizi za Bukoba. Ndizi! Wakati anayetakiwa kupewa glavu na gauni ni nesi wa zahanati anayempokea mtu anatapika usiku, huyo hakuna aliyemuulizia.

Korona ilikuwa kitu kingine, na hapa ndo wale wa kusema "ni hofu tu" nawakatalia. Ugonjwa unaopita hewani kutoka kwa mtu anayejiona mzima na anakwenda harusini, huo uogope kabla hujajua hata jina lake vizuri. Ile 2020 huku kwetu tulipiga nyungu, wengine wakanawa mikono mpaka ikachubuka huku wamejazana dirisha limefungwa kwenye daladala. Njia ilikuwa hewa.

Kwa hiyo shangazi, nikiletewa habari ya ugonjwa mpya nauliza unapita wapi, mtu anaanza kuambukiza kabla au baada ya kujisikia vibaya, na nani anamgusa huyo mgonjwa au mnyama. Nikikosa majibu ya hayo nasubiri, sifowadi. Na kuna vitu ambavyo majibu yake tunayo tangu zamani ila vimetuchosha kuvisikia. Malaria inaua karibu watu laki sita kwa mwaka, wengi watoto wa Afrika, njia yake inaimba sikioni kila usiku. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 kwa mwaka duniani na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona, lakini mtoto aking'atwa watu wanapaka chumvi na kitunguu wanaendelea na maisha, badala ya kuosha kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima na kukimbilia chanjo siku hiyohiyo.

Na kimeta cha mzoga. Nimeona mabango, nimeona maafisa wanakuja na kipaza sauti wanatisha watu, mkila mtakufa, nyama yake sumu. Mzee anakusikiliza kwa adabu, anakujibu "daktari, hii tumekula tangu utoto," na kwa sehemu anasema kweli, wamewahi kula na wengi hawakufa, kwa hiyo ukimtisha kwa maneno makubwa kuliko anachokijua anakuona mwongo na hakusikilizi tena hata ukisema la maana. Mfugaji anajua kimeta kuliko mimi. Anajua pia kwamba yule ng'ombe ni ada ya shule, na akimfukia hakuna wa kumfidia hata senti. Nikiwa mkweli, mezani kwake hofu ya kesho inashindana na njaa ya leo na mara nyingi inashindwa.

Mi nimeacha kutisha. Namwambia usimpasue, maana ukimpasua tu hewa inaingia kwenye damu na kijidudu kinavaa lile ganda, ardhi hii unayochungia itakuwa nacho wakati wajukuu zako wanachunga. Hilo linamwingia, kwa sababu linahusu malisho. Tuchimbe shimo refu, chokaa juu, miiba fisi wasifukue. Aliyeshika nyama akiona kauvimbe kanawasha kanageuka kidonda cheusi aende zahanati siku hiyo aseme wazi alishika mzoga, asione aibu, akiwahi anapona. Na waliobaki hai tuwachanje.

Chanjo ndo penyewe. Inatengenezwa hapahapa Kibaha, siyo kitu cha kuagiza mbali, na inatakiwa irudiwe kila mwaka kwenye maeneo yenye historia ya kimeta. Ukichanja boma moja na la jirani likagoma, msimu ukipita wale wa boma lililogoma wanakuja wenyewe bila bango wala kipaza sauti, wanauliza "daktari, ile sindano inakuja lini?" Swali hilo nami nimelipeleka ofisini zaidi ya mara moja, kwa maandishi, nimejibiwa bajeti haijatoka. Mvua zinaanza mwezi ujao.